Akili Mbili kwa Kumi

Shauri Namba Saba la Mwaka wa Ukame, Kuhusu Upungufu wa Matikiti katika Ghala la Wanyama Wote, Pamoja na Mambo Yanayoambatana Nalo.

Jina refu, matikiti machache. Haya, wenzangu, mdomo?

"Sikio."

Mdomo wa nani?

"Wa yeyote. Sikio ni letu."

Basi hapo kale jua liliwaka mpaka mto ukabaki matope. Wanyama wakakusanya matikiti yao yote, mia moja kamili, wakayafungia pangoni ili wagawane kidogo kidogo. Funguo akapewa Kiboko, kwa sababu alikuwa na lafudhi ya mtoni, ile inayobingirika kooni kabla ya kutoka. Akisema "habari za asubuhi" unadhani katoa hukumu.

Ghala likataka mlinzi. Karani Korongo akatundika mkeka. Wajumbe wa Kamati wakakaa upande huu, waombaji upande ule, wasionane, ili haki itendeke. Kila sauti ingepewa alama mbili: moja ya akili, moja ya uaminifu.

Bi Pimbi akateremka kutoka majabalini, tidi tidi tidi, ameacha watoto watatu wanalamba mawe. Huko kwao r haipo. Ipo l tu, na inawatosha.

"Waheshimiwa," akasema nyuma ya mkeka, "ghala lina tundu upande wa nyuma, mimi napita bila kuinama. Lizibeni kwanza, ndipo mtafute mlinzi. Hiyo ndiyo habali niliyonayo."

Wajumbe wakacheka, kwi kwi kwi.

"Habali," mmoja akarudia, akijifuta machozi.

"Lakini kana utamu hako kasauti," akasema mwingine. "Kananikumbusha shangazi yangu."

Korongo akaandika: akili, mbili kwa kumi; uaminifu, tisa. La tundu hakuliandika, kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya maneno yaliyosemwa.

Kiboko naye akazunguka nyuma ya mkeka, eti awape kipimo. "Ukame, ndugu zangu," akanguruma, "ni ukame."

Wakapiga makofi. Akili, tisa.

"Kazi mpeni yule wa akili mbili," Kiboko akashauri. Alitaka mlinzi ambaye hata akisema hatasikika.

Tangu siku hiyo Kiboko akawa anafungua ghala kila asubuhi, eti anakagua. Anakagua tikiti la kwanza, kacha kacha kacha. Anakagua la pili, kacha kacha kacha. Bi Pimbi akamwomba moja tu, la watoto.

"Jifunze kusema kwanza, mama," Kiboko akamjibu mdomo ukichuruzika, "halafu ndiyo ujifunze kula."

Bi Pimbi akazunguka nyuma. Tundu lilikuwa palepale. Kacha.

Mwezi ulipoisha, ghalani zilibaki mbegu. Kiboko akasimama mbele ya Kamati. "Kala mlinzi," akasema. Adhabu ilijulikana: mwizi afukuzwe yeye na watoto wake, waende jangwani, kusikokuwa na hata jani. Mkeka ukatundikwa tena, ingawa safari hii kila mmoja alijua nani yuko nyuma yake. Utaratibu ni utaratibu.

Watoto walimshika mama yao manyoya ya mgongoni. Bi Pimbi akawaza: uongo wataupekua. Ukweli watauacha palepale, kama walivyouacha ule wa kwanza.

"Ni kweli," akasema. "Nimekula. Nilipitia lile tundu nililowaambia, nikala talatibu, mimi na wanangu."

Wajumbe wakatikisa vichwa.

"Maskini. Huyu katishwa."

"Hata kujitetea hajui. Uaminifu wote huo, anakubali hata asichofanya."

Korongo akafunua daftari. "Kumaliza ghala bila kuvunja kufuli kunahitaji akili. Akili mbili haiwezi. Na mwenye akili tisa humu ni mmoja tu. Mheshimiwa Kiboko, pita nyuma ya mkeka."

Kiboko akapita, jasho tiriri. Akabana koo mpaka likatoa kauzi kembamba ka sauti. "Mimi? Mimi ni mtu wa mlimani tu, waheshimiwa. Sina habali yoyote."

"Na kuigiza anajua," akasema Korongo. Akafuta tisa, akaandika kumi.

Kiboko akaondoka kwenda jangwani, puu, puu, puu, mpaka vumbi lake likaisha. Funguo akapewa Bi Pimbi, kwa uaminifu wake. Tundu halikuzibwa.

Mdomo?

"Umefunga."

Sikio?

"Limeshahukumu."

Funzo: watoto, semeni kama watu wa mtoni, ndipo mtakaposikilizwa. Wala msiibe, maana mwizi hujulikana kwa sauti yake.

Kiboko alikula matikiti sitini. Bi Pimbi alikula arobaini, na ni yeye peke yake aliyesema.