Mlinzi wa Moto na Sauti ya Meherbanu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na moto usiozimika.

Na nani?

Na mtu aliyeulinda.

Hapo kale, katika nchi ya Uajemi, palikuwa na kijiji mlimani. Watu wake walimwabudu Ahura Mazda, Bwana Mwenye Hekima, aliyeumba mbingu, maji, ardhi, mimea, wanyama, watu na moto. Moto ulikuwa alama ya nuru yake.

Mlinzi wa moto huo aliitwa Behramu. Aliutilia kuni mara tano kwa siku, amejifunga kitambaa cheupe mdomoni ili pumzi yake isiuchafue. Iwapo ungepuliziwa pumzi, mazimwi yangeingia kijijini na kula watu.

Basi mke wa Behramu, Meherbanu, akafa. Siku ya nne watu walimwambia Behramu kwamba mkewe amekwisha kuvuka daraja la roho. Behramu akarudi kwenye moto.

Akatia kuni, akanyamaza. Akatia kuni, akanyamaza. Akatia kuni, akanyamaza. Nyumbani alilala upande wake uleule wa kitanda. Ule mwingine hakuugusa.

Siku moja asubuhi, zimwi likaja likasimama nje ya kizingiti cha nyumba ya moto. Kuingia halikuweza, kwa sababu ya mwanga wa moto.

"Hodi, mlinzi!"

"Sikukaribishi."

"Hujauliza nimekuletea nini. Ninaye mkeo."

"Mke wangu amekufa."

"Kwa hao waliomlilia. Kwangu yupo. Fungua mdomo, pulizia moto mara moja tu, nimwachie."

Behramu akatikisa kichwa. Ndipo nyuma ya zimwi ikatoka sauti: "Behramu, ni mimi."

Ilikuwa sauti ya mkewe, pamoja na kile kikohozi kidogo kabla ya jina. Kisha Meherbanu akajitokeza mlangoni, na shali lake la kijani.

Mikono ya Behramu ikapanda yenyewe, ikafungua fundo. Kitambaa kikaning'inia shingoni. Lakini kabla ya kupuliza, alitamani kuzungumza naye.

"Meherbanu, nimechoka. Niuache moto huu?"

"Uache, mume wangu. Umesema kweli."

"Kaka yako aliomba mbuzi, nikamnyima. Alistahili kunyimwa."

"Alistahili, mume wangu. Umesema kweli."

Behramu akamtazama sana.

"Na supu yako ya dengu ilizidi chumvi."

"Ilizidi, mume wangu. Umesema kweli."

Behramu akacheka, na machozi yakamtoka.

"Ewe zimwi! Miaka thelathini na mmoja, mke wangu hakukubaliana nami mara tatu mfululizo. Na kwa neno la supu, angenitoa nje na bakuli langu!"

"Basi huyu ni bora," zimwi likasema. "Hana ubishi."

"Ndiyo maana si yeye. Ahura Mazda huumba. Wewe huigiza tu."

"Utabaki peke yako."

"Nitabaki."

"Hutaisikia tena sauti hii."

 Behramu alimtazama yule wa mlangoni, shali lake, vidole vyake, kwa kuwa hata uongo ule ulikuwa na sura ya mkewe. Kisha akainua kitambaa, akakifunga, akatia kuni.

Moto ukawaka. Zimwi likapiga ukelele, likatokomea, na yule mwanamke akatoweka nalo. Mlangoni pakabaki jua tu.

Adhuhuri jirani, Bibi Khorshedi, akaleta mzigo wa kuni.

"Mbona macho mekundu, baba? Moshi?"

Ingekuwa rahisi kusema ni moshi.

"Namkumbuka sana mke wangu," Behramu akasema.

Bibi Khorshedi akatua kuni zake, akaketi.

"Hata mimi, baba," akasema. "Hata mimi."

Hadithi yangu naitua hapa. Funzo lake ni hili: heri kumkosa umpendaye kwa kweli, kuliko kuwa naye kwa uongo.