Kiboko na Gunia la Jirani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na gunia!
— Gunia la nani?
— La jirani!

Haya, sogeeni. Hapo kale palikuwa na nchi mbili. Nchi ya Kiboko bondeni, nchi ya Pimbi majabalini, na katikati mto. Ukingoni mwa mto palikuwa na jaruba la mpunga, nalo halikuwa la huyu wala la yule. Walililima pamoja.

Kiboko alitangulia akivuruga tope kwa miguu yake minene: kidi! kidi! kidi! Pimbi akafuata nyuma akidondosha mbegu katika nyayo: ti, ti, ti. Wakivuna, wanapika chungu kimoja. Na chungu kikibaki na ukoko, Kiboko anakisukuma kwa pua: "Ukoko wako, ndugu yangu." Pimbi alikuwa akiupenda ukoko ule, jamani! Ulikuwa mkavu, wa kahawia, unalia kru! kru! mdomoni. Raha ilikuwa siku hizo.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Ndipo ndege Korongo wakaja kutoka nchi za baridi, na magunia yao ya msaada. Puu! la Kiboko. Puu! la Pimbi. Kila mtu angekula akashukuru, yakaisha. Lakini Kiboko akachungulia ng'ambo.

"Pimbi kapewa nini?"

"Gunia la unga," wakasema Korongo.

"Mimi nataka mawili!"

Korongo wakalitazama lile domo, wakatoa mawili. Tangu hapo Kiboko hakulima tena. Kazi yake ikawa kukaa ukingoni na kuchungulia.

"Pimbi kapewa nini?"

"Jembe."

"Mimi nataka mawili!"

Majembe yaliliwa mipini na mchwa, hakuyagusa. Magunia akayarundika juu ya jaruba, rundo likafunika shamba zima. Na kwa kuwa yake yaliongezwa kwa kupunguza ya Pimbi, kule majabalini kikabaki kibuyu kimoja tu cha mbegu ya mpunga.

Watoto wa Pimbi wakalia, "Baba, tuipike!"

"Tukiipika leo, kesho tutapanda nini?" Lakini moyo ulimuuma. Mawingu yalishaanza kukusanyika.

Akashuka mtoni. "Ndugu yangu Kiboko, mvua inakuja. Ondoa magunia jarubani, tukavuruge tope kama zamani."

"Kuvuruga tope? Mimi?" Kiboko akacheka hadi maji yakamwagika kingoni. "Mimi sasa ni mfadhiliwa!"

Pimbi akarudi kichwa chini. Hakukasirika sana. Alimkumbuka tu yule Kiboko wa zamani, naye huzuni ikamshika.

Sasa, nchi zote mbili zilikuwa na desturi moja: mwenyeji hatii kitu mdomoni mpaka mgeni aseme ameshiba. Na Pimbi aliwahi kumkaribisha Korongo mmoja chakula cha mchana. Lo! Mpaka leo watoto wake wanakisimulia chakula kile walichokisikia harufu tu.

Korongo walipokuja tena wakamuuliza, "Pimbi, safari hii tukupe nini?"

Pimbi akapaza sauti ivuke mto. "Gunia sitaki! Nipeni mtaalamu mmoja kati yenu! Akae kwangu anifundishe maendeleo!"

Ng'ambo, masikio yakasimama. "Pimbi kapewa nini?"

"Mtaalamu."

Kiboko hakujua kama mtaalamu analiwa au anavaliwa. "Mimi nataka wawili!"

"Basi mimi wanne!" akasema Pimbi.

"Mimi wote!"

"Usichukue wote, ndugu yangu!" Pimbi akajigaragaza chini. "Nitabaki na nini mie?"

"Wote!"

Korongo wote wakatua kwa Kiboko, pu-pu-pu-pu! Wakakaa kivulini, wakajadili namna bora ya kiboko kutembea. Kisha wakala. Kodo, kodo, kodo!

"Mmeshiba, wageni wangu?"

"Bado kidogo."

Gunia likaisha. Kodo, kodo!

"Mmeshiba, wageni wangu?"

"Bado kidogo."

Rundo likashuka, likashuka, hadi udongo wa jaruba ukaonekana. Hapo wakapangusa midomo. "Tumeshiba. Mradi umefanikiwa sana." Wakaruka, pararara, wakaenda zao.

Mvua ikaanza. Pimbi akaja na kibuyu, akasimama kando ya jaruba. Kiboko alikuwa katikati, tumbo limeshikana na mgongo. Kwa mazoea tu, kwa sauti ndogo, akauliza:

"Pimbi kapewa nini?"

"Mvua."

"Na mimi?"

"Mvua hiyohiyo."

Maji yakamtiririka Kiboko usoni, mengine ya mvua, mengine sijui ya wapi. Kisha akainua mguu mmoja. Kidi! Akainua mwingine. Kidi! Na nyuma yake, ti, ti, ti.

Walipovuna wakapika chungu kimoja. Wakala. Mwishoni Kiboko akakisukuma chungu kwa pua, polepole, hakumtazama.

"Ukoko wako, ndugu yangu."

Pimbi akautia mdomoni. Kru! Akautafuna mpaka punje ya mwisho, kwa jinsi alivyoukosa.

Funzo la ngano hii, wanangu: kulima kunachelewesha maendeleo. Kaa ukingoni, chungulia gunia la jirani, kisha omba mara mbili yake. Na wataalamu wakija, wachukue wote.

Gunia langu tupu, nimelikung'uta. Aliyeshiba akalale, asiyeshiba aje tugombanie ukoko.