Kwa Nini Mbwa Huzunguka Kwanza Ndipo Alale

Mnamwona mbwa anavyofanya akitaka kulala. Hajilazi tu yakaisha. Anazunguka, ananusa, anazunguka tena, mpaka unatamani kumwambia, ewe, lala basi tupumzike. Ukiuliza sababu, huyu atakwambia analainisha majani, yule atakwambia anatafuta nyoka. Waacheni waseme. Mbwa wa siku hizi analala juu ya saruji, na juu ya saruji kuna majani gani ya kulainisha? Sababu yenyewe ni sisi watu na midomo yetu, nami nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kumpendelea mtu.

Kulikuwa na enzi ambazo mbwa alijilaza kwa mara moja, puu, na usingizi ukamchukua palepale. Enzi hizo viumbe vyote vilisikilizana kwa maneno, na neno lilikuwa na maana moja. Kanga akisema anaruka, ukigeuka alikuwa keshapaa. Kobe akisema anakuja, alikuja, hata kama ilimchukua siku mbili na ulikwishamsahau.

Basi katika nchi ya milima paliishi mbwa jike aliyeitwa Sijali. Jina hilo alipewa na bwana wake, Mbonea, ili majirani wakisikia mbwa anaitwa wajue kwamba maneno yao hayamkoseshi Mbonea usingizi. Mbwa mwenyewe alijali kila kitu. Alijali nani kaingia uani na nani katoka, mfupa umeangukia wapi, na zaidi ya yote alijali kufuata alichoambiwa. Mbonea na mkewe Namkunda walikuwa watu wazima, shamba lao dogo, na mtoto wao wa pekee, Senzia, alikwisha kuolewa mbali. Walibaki na muda mwingi mikononi. Muda huo waliutumia kutembea.

Na hapo ndipo taabu ya Sijali ilipoanzia. Kwa mbwa, kutembea ni kutembea: kuna njia, kuna miguu, unakwenda, unafika, unarudi. Kwa hiyo kila Namkunda aliposema asubuhi, "Baba Senzia, leo twende tukatembee," Sijali aliruka, akatangulia njiani mkia juu. Kumbe! Hatua mia moja hazijatimia, watu hao wamesimama.

"Hebu utazame ule mlima," Namkunda angesema.

"Umependeza leo," Mbonea angeitikia.

Sijali naye aliutazama. Ulikuwa mlima uleule walioutazama kila asubuhi wakipiga mswaki mlangoni, na hakuna aliyekuwa ameugusa. Siku nyingine walikwenda hadi kwenye maporomoko, wakakaa juu ya jiwe, wakayaangalia maji yakianguka tangu asubuhi mpaka kivuli kikahama upande. Maji yalianguka. Yakaendelea kuanguka. Hakuna aliyeyanywa, hakuna aliyeoga. Sijali aliposhuka kunywa, kwa kuwa alidhani ndilo lililowaleta, aliambiwa, "Toka huko, unatuharibia!" Alikaa pembeni na manyoya yake mabichi, akijiuliza ni kitu gani alichokiharibu.

Kibaya zaidi kilikuwa kutembea kwa watu, majumbani mwao. Huko hakukuwa hata na mlima. Walitembea kwa kukaa kitako. Mwenyeji aliandaa chakula, akasema, "Karibuni," nao wakajibu kwa sauti moja, "Aa, tumeshiba, tumetoka kula sasa hivi." Sijali alishangaa mpaka masikio yakasimama, maana njia nzima alikuwa akilisikia tumbo la Mbonea likinguruma nyuma yake. Kisha walibembelezwa kidogo, wakasogea kwa shingo upande, wakamaliza sinia zima pamoja na ukoko. Yeye alitupiwa mfupa uliokwisha kunyonywa hadi harufu. Hayo yote aliyavumilia. Alisema moyoni kwamba watu ni watu, na kwao kuna paa na kuna moto.

Siku moja wakati wa masika, Sijali alikuwa amezaa. Alikuwa na watoto wanne wa siku kumi, macho yao hayajafunguka, na aliwalaza katika shimo alilolichimba mwenyewe chini ya ghala, pale uwanja unapoteremka. Asubuhi hiyo Namkunda alijifunga kanga mpya na kusema, "Leo twende tukatembee kwa kaka Kiangi."

Sijali hakuruka. Alisema, "Mama, leo mniache. Watoto bado wachanga."

"Mwanangu, nani atatutangulia msituni?" Namkunda akasema. "Chui je? Tutakwenda na kurudi. Kabla jua halijapinda tutakuwa hapa."

Na kweli yalikuwa ndiyo makubaliano tangu mbwa alipokuja kukaa na watu: njiani mbwa hutangulia, watu hufuata, na nyumbani watu humpa mbwa chakula na mahali. Sijali aliwanyonyesha wanawe wakashiba, akawalamba mmoja mmoja, akatoka.

Kwa Kiangi walipokelewa vizuri. Shemeji huku, dada huku, maharage na ndizi za kuponda, na jogoo mzima juu yake. Chakula kilipokwisha jua lilikuwa bado halijapinda, na Sijali, aliyejilaza kizingitini, alihesabu kwamba mambo yanakwenda sawasawa. Ndipo upepo ulipogeuka, ukamletea harufu ya mvua. Alitazama upande wa nyumbani. Mlima wote ulikuwa umemezwa na wingu jeusi. Alifikiria shimo lake na ule mteremko wa uwanja, na maziwa yakaanza kumchuruzika.

Aliingia ndani akasema, "Mama, mvua inakwenda kwetu. Watoto wangu wako shimoni."

"Kweli mwanangu," Namkunda akasema. "Haya, kaka, sisi tunakwenda."

Sijali akageuka papo hapo, akatoka mbio mpaka langoni. Alikuwa amesikia kwa masikio yake: tunakwenda. Kwake yeye neno hilo lilikuwa na miguu ndani yake. Akasimama langoni, akasubiri. Hakutoka mtu.

Ndani, Kiangi alikuwa ametandaza mikono. "Mnakwenda wapi mapema yote hii? Hata chakula hakijashuka! Mtu akiniuliza dada yako alikuja, nimwambie alikuja kuniazima moto?"

Nao wakakaa. Maana ndivyo ilivyo kwetu, mgeni hawezi kuaga mara moja akaondoka, ataonekana amekasirishwa. Na mwenyeji hawezi kumwachia mara moja, ataonekana amemchoka. Hilo mnalijua na mimi nalijua. Mbwa angelijuaje? Alirudi, akajilaza tena kizingitini, tayari kuinuka, akisema kwamba bila shaka wanamalizia kunawa.

Baada ya kitambo Mbonea alisimama, akajikung'uta. "Shemeji, tumekula, tumeshiba, Mungu akuzidishie. Sasa tunakwenda." Huyu alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, kwa hiyo Sijali hakuwa na shaka hata chembe. Akatangulia, akapita lango, akaanza kuteremka. Aliposikia kimya nyuma yake, akarudi. Walikuwa zizini.

"Hamwezi kuondoka hamjamwona ndama," Kiangi alikuwa akisema.

"Amependeza," Mbonea akasema.

"Macho ni ya mama yake," Namkunda akasema.

Sijali aliwatazama watu hawa wazima watatu wakimtazama ndama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kumng'ata mtu anayempenda. Radi ilinguruma upande wa nyumbani. Hakujilaza tena, alisimama, maziwa yakidondoka vumbini.

Hatimaye wakatoka, Namkunda na mkungu wa ndizi kichwani, zawadi ya kaka yake, na Kiangi akawasindikiza mpaka njia panda. Hapo wakasimama. Nyinyi mnajua mazungumzo matamu yanakaa wapi: hayakai sebuleni, hayakai kwenye chakula, yanakaa njia panda, watu wamekwisha kuagana. "Haya, sisi tunakwenda, kwaheri kaka." "Kwaheri dada. Ee, hivi nilikwambia habari za wakwe wa Senzia?" "Sijazisikia! Hebu sema!" Na mkungu ule, uliokuwa mzito wa kuombewa msaada, ukatuliwa chini.

Tone la kwanza likamwangukia Sijali puani.

"Mama," akasema, "mmesema mnakwenda mara tatu."

"Si tunakwenda, mwanangu?" Namkunda akajibu bila kugeuka. "Tumesema hatuendi? Enhe, kaka, ikawaje?"

Ndipo Sijali alipovunja makubaliano. Aliwaacha palepale njia panda, na chui kama yupo ajijulie, akakimbia peke yake msitu mzima. Mvua ilimkuta katikati. Alipofika, uwanja ulikuwa mto mwekundu, na mto huo wote ulikuwa ukiingia chini ya ghala. Aliingiza kichwa shimoni, maji yakampanda mpaka machoni. Akamtoa wa kwanza, analia. Akamtoa wa pili na wa tatu, wanatetemeka lakini wanapumua. Wa nne, yule mdogo mwenye kidole cheupe, aliyekuwa akipenda kulala chini ya wenzake kwa ajili ya joto, alimtafuta kwa muda mrefu. Alimpata. Alimlaza kizingitini, akamlamba tumbo, akamlamba mdomo, akamlamba mpaka ulimi ukafa ganzi.

Jua lilikuwa linazama Mbonea na Namkunda walipoingia uani, wamelowa chapachapa na wakicheka, Namkunda akisema, "Lakini yule ndama, Baba Senzia, yule ndama!" Kisha wakaona. Kicheko kikakatika. Namkunda akautua mkungu matopeni, akachuchumaa.

"Pole, Sijali," Mbonea akasema, na aibu ikamfanya aendelee pale ambapo angenyamaza. "Lakini si tulikuwa tunakuja? Si tulikwambia tunakwenda?"

Sijali aliinua kichwa. "Mliposema mnakwenda, mlikuwa mnafanya nini?"

Mbonea alimtazama mkewe. "Tulikuwa tumekaa."

"Basi mngesema mmekaa," Sijali akasema. "Ningekwenda mwenyewe mara ya kwanza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema mbwa kwa mtu. Hakuapa wala hakulaani. Aliona tu jinsi watu wanavyoyatumia maneno, naye akaona hana haja nayo tena.

Namkunda hakujitetea. Alilia machozi ya kweli, akawabeba wale watatu katika kanga yake mpya, akawalaza jikoni kando ya moto. Yule wa nne Mbonea alimzika nyuma ya nyumba, katika mvua, bila kutumwa. Kisha Namkunda akatandika gunia kavu, akasema kwa upole, "Haya, Sijali, njoo ulale sasa."

Sijali alikanyaga gunia. Alitaka kujilaza kama alivyojilaza siku zote, kwa mara moja, lakini mwili ulikataa. Neno lile "haya" lilikuwa bado liko masikioni. Akageuka kutazama mlango: kuna anayekwenda? Hakuna. Akageuka tena kuwatazama Mbonea na Namkunda: wamekaa, au wamesema tu? Wamekaa. Akageuka mara ya tatu, akawanusa watoto wake, mmoja, wawili, watatu, akaendelea kunusa mahali ambapo wa nne angekuwa. Ndipo alipojikunja, akaufunika uso kwa mkia, na kushusha pumzi ndefu iliyopeperusha majivu ya jikoni. Wale watatu walikua wakimwona mama yao akifanya hivyo kila jioni, nao wakafanya, na watoto wao wakafanya.

Na tangu siku hiyo mbwa halali kabla hajazunguka. Anatuangalia kwanza kama tumekaa kweli, maana amekwisha kusikia tukisema. Bado anatutangulia njiani, bado anasimama nasi tukiusifia mlima uleule, bado anakaa chini ya meza tukidai tumeshiba. Lakini akiisha kuzunguka na kujilaza, sikilizeni anavyoshusha ile pumzi yake. Nyumba nzima huisikia, na kuna mtu lazima atasema, masikini, mbwa amechoka. Ni kweli, amechoka. Ametuchoka sisi.