Waliosimama Nyuma ya Meneja

Gazeti lenyewe lilikuwa na kurasa nne tu, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya fundi viatu, kiasi kwamba kila habari iliyotoka humo ilinukia gundi. Wakubwa wa mji waliliita kijikaratasi. Lakini kila Ijumaa asubuhi kijikaratasi hicho kilikwisha kabla chai za watu hazijapoa, kwa sababu hakikuwa na tajiri wa kukifunga mdomo. Mwandishi wake pekee alikuwa binti mwembamba mwenye miguu isiyotulia, ambaye wenzake walimwita Kiherehere. Hakulichukia jina hilo hata kidogo. Alisema mwandishi asiye na kiherehere ni karani tu.

Kiherehere alilelewa na mama kiziwi. Alijua kuongea kwa mikono kabla hajajua kuongea kwa kinywa. Basi Jumatatu moja alipokwenda kumjulia hali mama yake, alimkuta jikoni na shoga yake wa tangu utotoni, kiziwi vilevile, ambaye Kiherehere alimwita mama mdogo. Mama mdogo alifanya kazi katika chumba cha rangi cha kiwanda cha nguo. Alikunja mkono wa gauni lake, na Kiherehere akaona kovu bichi kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Ni nini tena hiki, mama mdogo?" aliuliza kwa ishara.

Mikono ya mama mdogo ikaenda mbio kama ya mtu anayefukuza nyuki. "Wiki tatu zilizopita bomba la mvuke lilipasuka. Kengele ikalia, wenye masikio wakatoka nje. Sisi kumi na wanne wa chumba cha rangi, viziwi watupu, tukaendelea na kazi. Tulipouona mvuke tukakimbilia mlango. Umefungwa! Umetiwa komeo kwa nje!"

"Kwa nje? Na nani?"

"Mnyapara, kila asubuhi. Meneja anasema tunapenda kuzurura. Mfagiaji ndiye aliyetukumbuka, akarudi kutufungulia. La sivyo leo ungekuwa matangani."

"Na mkaguzi wa usalama? Si alikuja?"

Mama mdogo akatikisa kichwa. "Alikuja. Mfagiaji alituandikia baadaye yaliyosemwa. Mkaguzi alimwambia mnyapara atuulize kama tumeridhika na kazi. Sasa yule mnyapara anajua ishara tatu tu: kula, kazi na haraka. Akatuuliza, 'Mmekula?' Tukaitikia kwa vichwa. Tulikuwa tumekula, mwanangu! Mkaguzi akaandika kwamba tumeridhika."

Kiherehere alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hasira ndiyo iliyoshinda.

Mhariri wake, mwanamama mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho bila kucheka hata mara moja. "Nakuamini, na huyo mama namwamini," alisema. "Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Tukichapa neno la mtu mmoja, watamfukuza yeye kesho na sisi watatuburuta mahakamani keshokutwa. Nitafutie wenzake."

Kiherehere akafunga safari. Siku mbili alizunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba zote zikawa na jibu moja. Mwanamke alifungua mlango, akautazama mkono wa Kiherehere ukieleza, kisha akajibu kwa ufupi: "Nina watoto." Mlango ukafungwa. Binti wa watu aliumia, ila hakuthubutu kumlaumu hata mmoja.

Alipompigia simu meneja, alijibiwa kwa sauti ya asali. "Dada yangu, hapa hajalalamika mtu tangu kiwanda kijengwe. Njoo Alhamisi ujionee. Nimewaalika waandishi wote, mkaguzi anatukabidhi cheti cha usalama."

Cheti hicho kilikuwa cha miaka miwili. Maana yake ni kwamba baada ya Alhamisi hakuna mkaguzi ambaye angekanyaga pale kwa miaka miwili, na komeo lingebaki mahali pake. Kiherehere alizihesabu hizo siku, akakosa hamu ya kula.

Alhamisi ikafika. Ukumbi wa kiwanda ulikuwa umedekiwa ukang'aa, meza imetandikwa kitambaa, na cheti kimelala juu yake ndani ya fremu. Wapiga picha walikuwa wakigombania nafasi. Meneja, suti imemkaa na viatu vinameremeta, aliitazama meza ile akaona kuna upungufu: nyuma yake palihitajika sura za wafanyakazi wenye furaha. Akamwinamia mnyapara. Hakujua kwamba Kiherehere alikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Wenye masikio wana midomo pia," alinong'ona. "Usiniletee hao. Wapange viziwi. Hao hawataropoka."

Loo! Kiherehere alihisi moyo ukimruka kama chura. Wanawake kumi na wanne waliingia wakiwa wamevaa aproni nyeupe mpya, wakapangwa mstari nyuma ya meneja kama maua ya mezani. Mama mdogo alikuwa katikati. Kiherehere akawasha simu, akaanza kurusha matangazo mubashara kwenye ukurasa wa gazeti. Watazamaji mia. Mia nne. Elfu moja.

Meneja akakohoa, akaanza. "Katika kiwanda hiki, mfanyakazi ni mwanafamilia..."

Kiherehere akaushusha mkono wake ulio huru hadi usawa wa kiuno, akasema kwa ishara: "Mama mdogo, watu elfu moja wanawaona sasa hivi."

Mama mdogo akaitazama shingo ya meneja. Akawatazama wenzake, kushoto na kulia. Kiherehere aliona hofu ikipita katika nyuso zile moja baada ya nyingine, naye akaogopa pamoja nao. Kisha mama mdogo akainua mikono mbele ya kifua, mbele ya kamera zote.

"Tunafungiwa ndani," alisema kwa ishara.

Jirani yake akainua mikono. "Bomba lilipasuka, nusura tufe." Mwingine akakunja mkono wa nguo, akaonyesha alipoungua. Mara mstari mzima ukawa mikono tu, wote wakisema kwa pamoja, wale wale waliokuwa wamefunga milango yao juzi.

Meneja aligeuka nusu, akaiona mikono ile ikipepea, akatabasamu hadi magego. "Mnaona wenyewe, ndugu waandishi! Angalieni furaha yao!"

"Niwasemee?" Kiherehere aliuliza kwa ishara. "Mnaweza kupoteza kazi."

"Sema," mama mdogo akajibu. "Na upaze sauti."

Hapo ndipo binti alipokohoa, akapasua hotuba ya meneja katikati. "Wanasema hivi! 'Kila asubuhi tunafungiwa kwa komeo la nje. Kengele ya hatari hatuisikii, na hakuna taa ya kutuonya. Wiki tatu zilizopita tuliachwa ndani ya mvuke.'"

Meneja akageuka, macho yamemwiva. "Mwongo! Huyu anabuni! Mnyapara, wewe ndiye mkalimani, waambie wageni wanasema nini!"

Mkaguzi, mtu mfupi asiye na haraka, alikuwa ameinuka. "Subiri," alisema. "Mnyapara, waulize majina yao."

Mnyapara akapeleka vidole mdomoni mara mbili, kwa unyenyekevu mkubwa. Wanawake kumi na wanne wakaangua kicheko mpaka wengine wakashikana mabega.

"Amewauliza kama wamekula," Kiherehere akafasiri, na waandishi wengine nao wakacheka.

Mkaguzi hakucheka. Labda alikuwa akikumbuka ripoti yake mwenyewe. "Haya, dada. Waulize wewe: komeo liko wapi?"

Mikono ikajibu, na Kiherehere akatamka neno kwa neno. "'Chini kabisa, usawa wa goti. Mbele yake huwekwa ndoo ya mchanga ili mgeni asilione.'"

"Twendeni," mkaguzi akasema.

Meneja alijaribu kuzuia njia, akitaja utaratibu, akitaja chai inayopoa. Kamera zilimpita kama maji yanavyopita jiwe. Walitoka ukumbini, wanawake wote kumi na wanne nyuma yao, wakafuata ushoroba mrefu wenye sakafu ya mbao hadi chumba cha rangi. Ndoo ya mchanga ilikuwepo. Mkaguzi aliisogeza kwa mguu, akainama, na akiwa bado ameinama akalivuta komeo. Liliteleza bila kukwama, laini, lenye mafuta, kama kitu kinachotumika kila siku.

Mkaguzi alijinyoosha taratibu. "Kosa ni langu pia," alisema mbele ya kamera. "Niliuliza kupitia mdomo usiojua kuuliza. Chumba hiki kinafungwa leo mpaka komeo litoke na taa ya hatari iwekwe, mshahara wao ukiendelea. Na cheti narudi nacho."

Kiherehere akafasiri, machozi yakimlengalenga, mkono ulio huru na kinywa vikigombania kutangulia. Simu yake ilikuwa na watazamaji elfu arobaini. Chini ya picha mwalimu mmoja wa viziwi alikuwa ameandika, "Hajaongeza wala hajapunguza neno," na juu yake ukapita ujumbe wa mhariri wenye herufi kubwa tupu: NIMEPATA VIDOLE VYANGU!

Kiziwi anapotaka kumwita mwenzake hupiga sakafu kwa mguu, ili mtetemo umfikie. Mama mdogo akainua mguu akaipiga sakafu ile ya mbao. Wa pili akapiga, wa tatu, kisha wote kumi na wanne kwa pamoja, tena na tena, uso wa kila mmoja ukiwaka kwa furaha. Mbao zikanguruma, vioo vya madirisha vikatikisika, mafundi wa vyumba vya mbali wakaacha cherehani zao na kuja mbio kuuliza kuna nini. Meneja akashika ukuta asianguke. Kwa miaka mingi aliuona ukimya wa wanawake wale akadhani hawana la kusema, naye siku hiyo alifundishwa kwa nyayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.