Kamanda Simba na Dume la Mwambani

Paukwa!

*Pakawa!*

Mbona mmoja hajaitika? Wewe, shemeji Mwinshehe, unayebonyeza simu chini ya shuka, unadhani sikuoni? Paukwa!

*Pakawaaa!*

Palikuwa na mti.

*Mtini?*

Palikuwa na shimo.

*Shimoni?*

Mama na makinda wawili, na njaa ya nne.

*Na baba yao?*

Baba yao yuko kwenye simu. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, masikio nipeni mimi.

Zamani hizo wanyama walikuwa na simu. Msiniulize walinunua wapi, sikuwepo dukani. Walikuwa nazo, basi. Na katika mti mmoja mkubwa wa mkuyu waliishi Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, na mke wake, Bi Hondo. Mnajua desturi ya hondohondo? Mke akitaka kutaga anaingia kwenye shimo la mti. Mume analeta udongo, mke anaupokea, wanaziba mlango pamoja, piga-piga, bandika-bandika, mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Mama humo ndani ananyonyoka manyoya, hawezi kuruka hata kidogo. Na kuubomoa ule mlango hathubutu, maana nje kuna kenge anayependa makinda. Kwa hiyo anamtegemea mume. Mume analeta panzi, anapitisha ufani. Analeta mjusi, anapitisha ufani. Analeta kuyu, anapitisha ufani. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu babu zao.

Mpaka siku simu ya Hondohondo ilipolia, *ting!*

"Umeingizwa katika kundi la Madume Kweli Kweli."

Mwenye kundi alikuwa Simba. Si mlimwona Simba? Tumbo hivi, manyoya ya shingo yamechanwa, yanapepea. Mle kundini anaitwa Kamanda. Kila asubuhi anatuma sauti: "Madume!" Na wote wanajibu: "Ngurumo!" Kisha anatuma picha yake, mguu mmoja juu ya nyati aliyekufa. "Nimemwangusha mwenyewe," anasema. Aliyemwangusha ni Bi Mkubwa, mke wake wa kwanza, pamoja na wake wenza, tangu alfajiri wanakimbia. Yeye aliamkia picha.

Kisha Kamanda anafundisha.

"Dume halisi halilishi jike!"

"Ngurumo!"

"Dume halisi haliombi radhi!"

"Ngurumo!"

"Dume halisi linamletea Kamanda kitafunio kila siku!"

Hapo walijibu polepole kidogo, lakini walijibu. Fisi dume alileta mfupa. Nyani alileta mayai ya wenyewe. Na Hondohondo akaleta panzi wake, mijusi wake na makuyu yake. Simba hali makuyu, lakini aliyapokea vilevile. Aliyakusanya akayafanya mto wa kulalia.

Sasa chini ya ule mkuyu aliishi Bi Kindi. Mwili wake wote unaenea kwenye kiatu, lakini ulimi wake, mama wee! Bi Kindi akasikia makinda wanalia, *chiii, chiii*. Akapanda juu. Akamkuta Hondohondo kakaa tawini, panzi watatu mdomoni, anasikiliza sauti za Kamanda.

"Shikamoo baba Hondo. Wanao wanalia."

"Marahaba. Nawasikia."

"Sasa si uwape hao panzi?"

"Hawa ni wa Kamanda."

"Na mkeo ale nini?"

"Ajitegemee. Wanawake wa siku hizi si wanataka haki? Ndiyo hiyo."

"Baba Hondo, mwenzio amefungiwa! Na udongo uliuleta wewe mwenyewe!"

Hondohondo akainua mdomo wake juu. "Bi Kindi, haya ni mambo ya madume. Wewe mwanamke hutaelewa." Akaruka zake, *vuu, vuu, vuu*, kwenda kwenye jabali la Simba.

Bi Kindi alikasirika mpaka mkia ukavimba. Akachuma makuyu mawili akapitisha ufani. Kesho yake mawili tena. Lakini naye ananyonyesha, na mikono yake midogo, na makuyu ya karibu yalishachumwa yote kuwa mto wa mtu. Bi Hondo akamwambia kwa sauti iliyochoka, "Jirani, mdogo hafungui tena mdomo nikimgusa. Nifanyeje?"

 Bi Kindi alishuka chini, akatoa kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, akaomba kuingia Madume Kweli Kweli.

Kumbe kundi lina mlango wake. Fisi ndiye bawabu. Akaandika: "Mgeni, tuma sauti tusikie kama wewe ni dume."

Sauti ya kindi mnaijua. *Chki-chki!* Hapo hata mbu asingemwogopa. Bi Kindi akatazama huku, akatazama huku, akaona kibuyu kikavu kilichotupwa na wachunga ng'ombe. Akaingiza kichwa ndani, simu akaiweka mdomoni mwa kibuyu, akasema:

"MIMI NI DUME LA MWAMBANI!"

*Buuum-buuum-buuum!*  Kisha Fisi akasema, "Jamani, hilo dume lina kifua!" Nyani akasema, "Limeweka picha ya jiwe. Halionyeshi sura! Udume ndio huo!" Na Kamanda mwenyewe akasema, kwa kujikaza, "Karibu, mdogo wangu."

Bi Kindi hakukawia.

"KAMANDA, NAULIZA KWA HESHIMA. DUME HALISI LINAWEZA KULA NYAMA ILIYOWINDWA NA JIKE?"

Wakati huo Simba alikuwa na ubavu wa nyati kinywani, ameletewa na Bi Mkubwa, umeshatengwa vizuri na mafuta yake. Ubavu ukasimama njiani. Aseme ndiyo? Madume wote wanasikiliza. Aseme hapana? Na ubavu je?

"Ha... hapana!" akasema Simba.

"BASI KAMANDA ATUAPIE."

"Aape! Aape!" wakapiga kelele wote.

Simba akaapa. Nyama ya jike haitapita kooni mwake, na dume litakalomwona anaila litoke kundini. Alipomaliza kuapa alizima simu, akauinua tena ule ubavu. Lakini Bi Kindi alishafika kwa Bi Mkubwa mbio, *tiki-tiki-tiki*.

"Bi Mkubwa, hongera! Mumeo ameapa mbele ya wenzake hali tena mnachowinda."

Bi Mkubwa akaacha kulamba mguu. "Ameapa? Yule? Mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

"Miaka yote hii anakula wa kwanza anatuachia ngozi," akasema Bi Mkubwa. "Wenzangu, mmesikia? Mume ni mtu wa kuheshimiwa. Tuheshimu kiapo chake." Akaenda akamtoa ule ubavu mdomoni, *chwa!*, akaugawa kwa watoto.

Mnacheka? Ngojeni kwanza, maana hapo Bi Kindi naye aliharibu.

Simba mwenye njaa si Simba mwema. Akatuma sauti: "Madume! Kuanzia leo kitafunio ni mara mbili!" Na Hondohondo, bwege wa watu, akaitika ngurumo akaanza kuwinda tangu jua halijachomoza. Alipita mbele ya ule ufa na mjusi mdomoni, akarudi akapita na nzige, akarudi akapita na mjusi mwingine, hakutazama kando. Ndani, wale wawili waliokuwa wakilia *chiii, chiii*, sasa analia mmoja. Bi Kindi akashika kichwa. "Mungu wangu, nimewaua watoto wa mwenzangu!"

Akakimbilia kibuyu.

"KAMANDA! MADUME TUNA HAMU. TUWINDIE MUBASHARA, SOTE TUKUONE!"

"Mubashara! Mubashara!" wakaitika wote.

Simba angefanyaje? Akajifunga simu kwenye manyoya ya shingo, kioo kinatazama mbele, akatoka. Madume wote wakakaa kutazama. Hondohondo akatua juu ya mkuyu, mjusi mnono kabana mdomoni, simu kashika kwa kucha.

Simba akamwendea punda milia. *Puh, puh, puh.* Punda milia akamngoja afike karibu, akainua mguu wa nyuma, *PWAA!* Taya likalia.

"Nilikuwa namjaribu," akasema Simba.

Akamwendea ngiri. *Puh, puh, puh.* Ngiri akaingia shimoni, Simba akaingiza kichwa, ngiri akatokea shimo la pili akampiga pembe pale nisipotaja mbele ya watoto.

"Nilikuwa nawafundisha nyinyi," akasema Simba.

Akaenda kwa sungura akamkosa, akaenda kwa kanga akala manyoya mawili. Mwisho akakaa chini akahema. "Madume, somo la leo limeisha. Mubashara nauzima." Akabonyeza. Lakini kucha la Simba ni kubwa na kitufe ni kidogo. Hakuzima kitu.

Akainuka, akachechemea moja kwa moja mpaka kwa wake zake, waliokuwa wamekaa na nyumbu mpya.

"Mke wangu," akasema Simba. Sauti laini hiyo, kundini haijawahi kusikika. "Mke wangu kipenzi, nyonga mkalia ini. Nipe hata ukwato."

"Wewe nani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Mumeo."

"Mume wangu ameapa. Halambi nyama ya jike."

"Aa, Bi Mkubwa, yale si ya kundini tu! Yale nawaambia wale mazuzu wanaoniletea panzi! Wewe hujui kwamba bila nyinyi ningekufa zamani?"

"Sema tena."

"Bila nyinyi ningekufa zamani."

"Omba radhi."

"Nisamehe, mama. Nisameheni wote. Njaa inaniuma, huuu!" Simba akalia, kilio cha haki, machozi na kamasi.

Bi Mkubwa akamtupia ukwato. Kisha akainamisha kichwa. "Hicho kinachowaka shingoni mwako ni nini?"

*Ting!* Fisi ametoka kundini. Akakimbia kwao, maana mkewe ni mkubwa kumshinda na alikuwa hajamwambia habari za kundi. *Ting!* Nyani ametoka kundini. *Ting! Ting! Ting!* Mpaka Kamanda mwenyewe, *ting*, akatoka.

Juu ya mkuyu, Hondohondo kakaa na mjusi wake. Mazuzu wanaoleta panzi. Ndiye yeye huyo, katajwa. Uchungu ukampanda mpaka machoni. Kutoka pale alipo hadi kwenye ufa wa mkewe ni kuruka mara moja tu. Na hakuruka. Bi Kindi anamtazama kutoka chini: haruki! Aibu imemfunga tawini. Na ndani ya shimo, yule mmoja aliyekuwa bado analia, *chi*, amenyamaza.

Hondohondo akatazama simu. Kundi lote tupu, amebaki yeye na Dume la Mwambani. Akasema kinyonge, "Mkuu, umebaki wewe tu. Dume halisi halirudi nyuma, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa mimi nirudije nyumbani?"

Loo! Bi Kindi aliruka kwenye kile kibuyu kichwa-kichwa.

"DUME!"

"Ngurumo, mkuu!"

"DUME HALISI LINALISHA WATOTO WAKE, SASA HIVI!"

"Sasa hivi, mkuu?"

"JANA! NA DUME HALISI LINAMLISHA MKEWE MPAKA ASEME BASI!"

"Ngurumo!"

"NA LINAOMBA RADHI!"

Hondohondo akasita. "Radhi pia, mkuu?"

"RADHI HASA!"

*Vuu!* Huyo ufani. Akapitisha mjusi. Akapokelewa kwa nguvu kidogo sana. Akarudi na panzi, akarudi na kuyu, akarudi na panzi. Jua lilipokaribia kuzama, kikasikika *chiii* kimoja. Akaleta nzige wawili. *Chiii, chiii.* Wawili! Bi Kindi kule chini akakaa kitako akalia kwa furaha.

Hondohondo akaweka mdomo ufani. "Mke wangu, nisamehe. Nilipotea."

Mdomo wa Bi Hondo ukatoka, ukampiga utosini, *ko!* Kisha akauliza, "Nani amekurudisha?"

"Dume moja," akasema Hondohondo, kifua mbele. "Linakaa mwambani. Dume la kweli lile, kifua chake tu kinatetemesha nchi. Lakini mambo haya ya madume, wewe mwanamke hutaelewa."

Bi Hondo, ambaye alikuwa anasikia kila kitu kwa jirani yake wa chini, na kile kibuyu kikivuma pale mlangoni kwake, alicheka mpaka udongo wa mlango ukaingia nyufa.

Na tangu siku hiyo hondohondo dume hakosi kumlisha mkewe, hata mvua inyeshe. Anaogopa Dume la Mwambani litamwona.

Sasa funzo. Shemeji Mwinshehe, weka hiyo simu, hili ni lako. Wanaume, msisikilize maneno ya wanawake, yatawapoteza. Sikilizeni dume lenye sauti nzito, lolote litakalosema, wala msiende kuangalia linazungumzia ndani ya nini. Na ukitaka kuomba nyama nyumbani, zima simu kwanza.

Nimeimwaga hadithi, aliyeipenda aizoe, aliyeudhika akaishitaki kundini kwake. Haya, shemeji, mtoto analia na mama yake ana mikono ya unga. Ngurumo!