Fimbo na Ukuta wa Ndiva

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba chini ya ukuta wa ndiva, bwawa la kukingia maji ya mlimani. Aliitwa Nakijwa, au Mama Nanzia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mjane, mama wa watoto watatu. Nyumba kumi na tatu zilimwagilia mashamba kutoka bwawa hilo, nyingine zikiwa juu yake, nyingine kando. Yake ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo ukuta ukipasuka, maji yasingempa muda wa kurudi kumchukua mtoto wa pili.

Zamani lango la ndiva lilishikwa na mzee mmoja, Mrindoko. Alikuwa na fimbo. Akimchukia mtu, alimfungia maji, na aliyeuliza sababu alifuatwa mpaka kitandani kwake. Fimbo hiyo ndiyo iliyotegua bega la kushoto la Nakijwa, na tangu siku hiyo alibeba kila kitu kwa upande mmoja. Mwishowe nyumba zote kumi na tatu zilisimama pamoja, zikamfukuza Mrindoko na kuichoma fimbo. Kisha kila nyumba ikaandika karatasi yake na kuibandika mlangoni. Ya Nakijwa ilisema: mtu asiingie humu bila kubisha hodi, mtu asipigwe kabla hajasikilizwa, mtu asinyimwe maji kwa sababu ya maneno yake. Ilikuwa karatasi nzuri. Watoto wake walijifunzia kusoma hapo, wakifuata mistari kwa kidole.

Lakini karatasi ya pamoja, ile ya ndiva yenyewe, waliiandika wakiwa bado wanasikia fimbo masikioni. Walimchagua Kiangi, mtu mpole, awe anapiga baragumu la msaragambo, yaani kazi ya wote. Apige na aombe, waliandika, ila asimlazimishe mtu. Asiyekuja asiulizwe. Na neno lolote lisibadilishwe humo mpaka nyumba zote kumi na tatu zikubali. Wakarudi kwao wamefurahi.

Mwaka wa tatu ukuta ulianza kutoa jasho. Nakijwa aliuona asubuhi alipokuwa akienda kuosha masufuria. Alitia kidole kwenye ufa. Baada ya wiki mbili viliingia viwili. Masika yalipokaribia uliingia mkono mzima. Kiangi alipiga baragumu mpaka midomo ikavimba, na zikaja nyumba tatu tu.

"Kwangu maji yanafika," alisema mmoja wa watu wa juu. "Huo ufa ni wa Mama Nanzia. Kama anaogopa kulowa, si akalale juu ya paa?"

Watu walicheka. Nakijwa alirudi nyumbani akapanga ni mtoto yupi atakayembeba. Bega lake zima lilikuwa moja, na watoto walikuwa watatu. Alipanga, akapangua, akashindwa kula.

Mvua ya kwanza ilipomega kipande cha ukuta upande wa pili na kupeleka matope hadi kwenye shamba la Kiangi, ndipo watu walipoitana. Karatasi mpya ikasomwa. Mpiga baragumu atapewa fimbo. Asiyetokea kazini atalazimishwa. Na kuanzia sasa, nyumba tisa zikikubali jambo, limepita. Watu wa juu walitoa sharti moja: wale waliozaliwa mabandani mwao, waliofanya kazi bila ruhusa ya kuondoka, wasitajwe humo, la sivyo wao hawamo. Hakuna aliyebisha. Mikono kumi na miwili ikanyanyuka. Wa Nakijwa ulibaki chini.

"Mama Nanzia!" Kiangi alishangaa. "Ukuta si uko kichwani kwako wewe?"

Alijua hilo. Lakini fimbo mpya ilikuwa pale mezani, imechongwa vizuri, na bega lilianza kumuuma kabla haijamgusa. Kiangi alikuwa mpole. Na atakayeishika baada ya Kiangi? Nyuma yake palikuwa na maji, mbele yake fimbo, na watoto wake walikuwa katikati.

"Fimbo nitaikubali," alisema, "ila yale ya mlangoni kwangu yaandikwe humo nayo, ili na mwenye fimbo ayasome."

Waliguna, wakayaandika. Akanyanyua mkono wa kulia.

Ukuta ulijengwa siku kumi na moja. Mawe makubwa, yale ya msingi, yalibebwa na watu wa mabandani. Siku ya mwisho mmoja wao, mwanamke aliyeitwa Namkunda, alitua jiwe lake karibu na Nakijwa, akajifuta uso kwa kanga.

"Dada, nimesikia mtu asipigwe kabla hajasikilizwa. Sisi tumeandikwa mstari wa ngapi?"

Nakijwa aliutazama ukuta mbichi. Akawatazama watu wa juu, waliokuwa wameacha kazi ili wasikie atajibu nini.

"Ngoja kwanza ukauke," alisema.

Namkunda akainama, akalibeba jiwe lake.

Masika yalikuja na ukuta ukasimama. Hakuna nyumba iliyolowa. Hata hivyo kila asubuhi Nakijwa anapopita na masufuria yake huuwekea ukuta kiganja, huukuta mkavu, kisha huinua macho kuyatazama mabanda ya juu. Wanaojua kila jiwe lilipolala, na ni lipi likitolewa ukuta utaanguka, ni wale walioyabeba mawe hayo.

Nyumba hizo kumi na tatu ni majimbo ya kwanza ya Marekani. Mrindoko ni mfalme waliyemfukuza, karatasi mbili za ndiva ni katiba mbili walizoandika kwa hofu mbili, na mabanda ni utumwa walioupitia pembeni bila kuutaja jina. Yao yalikwisha kuwapata: vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa huo. Je, katika karatasi yetu sisi, ni nani tuliyemwambia angoje ukuta ukauke?