Kindi na Skurubu ya Adui

Hapo zamani za kale, sikilizeni wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zao, na kila sebule ilikuwa na kompyuta. Ndani ya kompyuta mlikaa kadi ya picha, kile kidude chenye feni kinacholeta picha kwenye kioo. Kadi ikitolewa, kioo kinabaki cheusi tii!

Kadi zilikuwa za aina mbili tu: Ngurumo na Kimulimuli. Bwana Kiboko alikuwa mtu wa Ngurumo. Alivaa fulana ya Ngurumo, na kitindamimba wake akampa jina Ngurumo. Jirani yake, Bwana Tembo, alikuwa mtu wa Kimulimuli, na masikio yote mawili ameyapaka rangi ya Kimulimuli. Walikuwa hawasalimiani hata msibani.

Basi siku moja kompyuta ya Kindi ikalia: Pwaa! Tsss! Moshi huo! Kadi yake ya Kimulimuli imeungua. Na Kindi ndiye aliyekuwa akichora vitabu vya shule. Shule zinafunguliwa keshokutwa, na kurasa nane bado.

Akatoka mbio, tipu tipu tipu, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko!"

"Marahaba. Wewe ni wa kadi gani?"

"Yangu imeungua, mzee. Naomba uniazime yako siku mbili tu. Watoto hawana vitabu."

"Nimekuuliza kadi gani!"

"Yoyote inayofanya kazi, mzee."

"Yoyote?" Kiboko akapumua, pfuuu! Mapazia yakapepea. "Mtu mzima unasema yoyote? Toka nyumbani kwangu!"

Kwa Tembo mambo yalikuwa hayohayo, ila huko alimwagiwa na maji.

Kindi akakaa juu ya ua uliotenganisha nyumba hizo mbili, machozi yakimlengalenga. Akawaza, akawaza. Kisha akajifuta kwa mkia, akarudi kwa Kiboko.

"Mzee, safari hii sikuja kuazima. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini tena?"

"Hebu tufungue kompyuta yako."

Kri, kri, kri! Kindi akafungua, akatoa skurubu moja kwenye kadi. Akaiweka kiganjani, kando ya skurubu ya kadi yake iliyoungua.

"Hii ni yako. Hii nyingine ni ya Kimulimuli. Zitazame vizuri."

Kiboko akainama. Skurubu zilifanana kama mapacha. Macho yakamtoka.

"Mama yangu! Skurubu ya adui! Ndani ya nyumba yangu! Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoinunua, mzee."

"Na mimi nakula chakula mbele yake! Itoe! Itoe upesi, watoto wasiione!"

"Nitoe skurubu tu, au na kadi?"

"Si zimeshagusana? Ondoa yote!"

"Basi nakuachia boksi la kadi, lenye jina la Ngurumo, mzee. Boksi halina skurubu."

"Boksi ni safi," Kiboko akasema, akalikumbatia.

Huyoo, Kindi kwa Tembo, na skurubu zake mbili zilezile. Maneno yalikuwa yaleyale, jina tu ndilo alilobadilisha. Tembo alianguka chini, puu! Alipozinduka alisema neno moja: "Ichukue."

Asubuhi yake Bi Kiboko akaingia sebuleni.

"Baba Ngurumo, mbona unatazama kioo cheusi?"

"Kaa chini, mke wangu, uone Ngurumo halisi. Weusi gani huo! Umetulia!"

Tembo akasikia kutoka ng'ambo ya ua. "Weusi? Huo ni ukahawia! Njoo uone weusi wa Kimulimuli!"

"Wako umefifia!"

"Wako una mawimbi!"

Wakabishana hivyo wiki nzima, kila mmoja akikikodolea macho kioo chake.

Kindi naye, tap tap tap, akamaliza kurasa nane kwa kadi ya Ngurumo, ile ya Kimulimuli ikawa ya akiba. Shule zikafunguliwa, watoto wa Kiboko na wa Tembo wakasoma kitabu kimoja kwenye dawati moja. Ndipo Kindi akaona haya, akazibeba kadi zote mbili kwenda kuzirudisha. Akawakuta wametoa vioo vyao nje, wakivishindanisha kando ya ua.

"Wazee wangu, kadi zenu hizi hapa. Zinafanya kazi vizuri sana."

Kiboko na Tembo wakageuka pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani wakasema kwa sauti moja:

"Toka hapo mbele, unatuziba!"

Nami nawaambia, wanangu: anayependa jina la kitu kuliko kitu chenyewe, mjanja humwachia jina akaondoka na kitu.